Divai Ambayo Papa Tarsisi Hakuionja

Jumamosi, tarehe 18 mwezi wa tano. Mvua ilianza saa kumi na moja ya asubuhi, ikaacha saa sita, halafu ikarudi bila upepo, mvua ile ya kusimama wima. Volkano haikuonekana siku nzima. Naandika kwenye kaye, yaani daftari, ya mjukuu wangu kwa sababu yangu imejaa.

Leo tulikuwa kwenye ndoa huko Mapendo, mjukuu wa Mama Kavira ameoa. Mama Kavira ndiye aliyenifundisha kupika nilipokuwa msichana, na ilikuwa imepita miaka mingi bila kuonana, ingawa tunaishi mji mmoja. Walikuwa wamemketisha mbele kama chifu, blanketi magotini, macho yake mazuri bado ila miguu imekataa. Wakaniweka karibu naye. Wakapitisha chupa ya kijani iliyotoka jasho la baridi, nami nilitaka Fanta, lakini kwenye meza ya wakubwa mtu haanzi kuchagua. Walinimiminia nusu kikombe cha divai nyeupe, wakasema hii ni sec, mama, haina sukari. Nikanywa ili nisionekane mshamba. Ulimi wangu uliijua kabla yangu. Niliweka kikombe mezani, nikamgeukia Mama Kavira, naye alikuwa tayari ananitazama.

"Furaha," akasema, "unaisikia?"

"Naisikia, mama."

"Njo ile."

"Njo ile."

Ndiyo ile, tulisema. Halafu muziki ukafunguliwa, hatukuweza kusikilizana kwa muda. Niseme ukweli, niligeuza chupa nikasoma, iliandikwa Afrika ya Kusini, kwa hiyo haikuwa ile yenyewe. Ilikuwa labda ndugu yake. Lakini nimerudi nyumbani na viatu vimelowa, na tangu saa ile sitambui kama nina furaha au nina haya. Kwa hiyo naandika. Mimi niliishia mwaka wa pili wa sekondari, na mtu akisoma akaona mambo hayafuatani vizuri, ajue kwamba hata kichwani mwangu hayakufuatana.

Mwaka ule wa wakimbizi, walipovuka mpaka kwa maelfu, nilikuwa na miaka kumi na nane. Nilikuwa nafanya kazi katika jikoni ya parokia moja ya hapa Goma, sitaitaja, wengine waliokuwapo bado wako hai. Nilikuwa nimeshuka kutoka Masisi mwaka mmoja kabla, vita vya kwetu vilipoanza. Hivyo nami nilikuwa mkimbizi, ila wa zamani, na mkimbizi wa zamani anamwangalia mkimbizi mpya kama mwenye nyumba anavyomwangalia mgeni aliyekuja bila kubisha. Nililala katika chumba nyuma ya jikoni, kilichojengwa kwa mawe meusi ya volkano bila kupakwa kitu, na ukiegemea ukuta unatoka na mgongo umechanwa. Humo kulikuwa na kitanda changu, magunia matatu ya maharagwe, na kabati ya Mama Kavira yenye kufuli, ambamo kulikuwa na mafuta, chumvi, na kopo la sukari lililokuwa zamani la maziwa ya unga. Funguo aliifunga kwenye pindo la kitenge. Aliniachia mimi tu funguo hiyo akienda kwake Katindo, kwa sababu alisema watu wa Masisi wanaiba ng'ombe lakini hawaibi sukari. Ulikuwa mzaha wake. Nami nilimjibu kwamba watu wa kwao Butembo hawaibi kitu, wanakiuza tu kabla mwenyewe hajaamka. Alicheka mpaka akakaa chini.

Sitaandika sana juu ya mwezi wa saba. Watu walipita mbele ya lango mchana kutwa, siku baada ya siku, na vumbi lao lilitua kwenye sahani zetu hata tukizifunika. Halafu ugonjwa wa tumbo ukaja, na magari ya kubeba waliokufa yakawa yanapita kwa saa zake, kama gari la maziwa. Padiri Gaspari, paroko wetu, alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Alirudi kila jioni na viatu vyeupe kwa dawa ya kunyunyizia, akala bila kuangalia anakula nini. Misa alisoma kila siku, hata mara tatu, kwa ajili ya wafu. Hapo ndipo divai ilipoanza kuisha. Ndege zilileta mahema na unga, hakuna aliyefikiri kuleta divai ya misa, na barabara zilikuwa vile zilivyokuwa. Chupa ya mwisho ilikuwa ya ile divai nzito na tamu tuliyoizoea, na Padiri alianza kuipima kwa kijiko kidogo cha chai. Nilimsikia siku moja akimwambia Mama Kavira, "Mama, nitafika siku ya marehemu na kijiko kimoja tu, labda viwili." Siku hiyo ni mwanzo wa mwezi wa kumi na moja.

Papa Tarsisi, kwani huku mzee tunamwita papa, alikuja mwezi wa nane, wakati wa jua kali. Alikuwa mzee mfupi mwenye koti la mvua, anasukuma baiskeli isiyokuwa na mnyororo. Juu ya baiskeli kulikuwa na kitu kikubwa cha duara kilichofungwa ndani ya godoro la mtoto, kamba zimezunguka mara nyingi. Mama Kavira alikuwa langoni anachagua mboga.

"Papa, umebeba nini? Ni mafuta?"

"Ni divai, mama."

"Divai! Batu banabeba magodoro, wewe unabeba divai? Kwani unaenda ku ndoa?"

"Ni ya misa," akasema, bila kukasirika. "Nimetafuta kanisa lenye kuihitaji."

Alifungua godoro taratibu. Ndani kulikuwa na chupa kubwa ya kioo yenye tumbo, ile inayoitwa bonbone, imevikwa kikapu cha majani, na kizibo chake kimezungushiwa nta. Divai ilikuwa rangi ya majani makavu, nyepesi, unaona vidole vya mtu upande wa pili. Ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Alisema alikuwa mtunza bustani wa seminari moja kule ng'ambo ya mpaka, na kwamba kwa miaka mingi yeye na mkewe walitunza mizabibu ya Frere mmoja Mzungu, bruda wa pale, na hii ndiyo divai ya mavuno ya mwisho. Mkewe aliitwa Immakulata. Alikufa njiani, kabla ya kufika Goma. Papa Tarsisi aliomba jambo moja tu, kwamba siku ya marehemu Padiri asome misa kwa divai hii na amtaje mkewe. Zabibu zilichumwa kwa mikono yake, alisema. Hakuwa na kaburi la kumwonyesha mtu.

Padiri alimwambia kwamba akihakikisha ni divai ya kweli, atafanya hivyo kwa furaha. Akampa kona katika nyumba ya majembe. Bonbone ikawekwa sakristia, chumba cha vifaa vya misa, nyuma ya mlango. Siku iliyofuata akamwuliza habari zake, na Mama Kavira alikuwapo, ndiye aliyenisimulia, mambo yalipokwisha kuharibika. Mimi nilikuwa nimetumwa Kituku kununua samaki. Padiri alisema sheria ya Kanisa ni moja, divai lazima itoke kwenye zabibu peke yake, na isiwe imechanganywa na kitu kingine chochote. Hayo sikuyasikia. Nayaandika hapa ili yajulikane, ingawa najua mtu anaweza kusema, ungeuliza. Ndiyo. Ningeuliza.

Juu ya asili ya mizabibu ile Papa Tarsisi alisimulia mambo matatu, na watu wakaanza kunong'ona. Kwa Padiri alisema Frere alileta vijiti kutoka kwao Ulaya, kwenye milima mikavu juu ya mto, amevifunga ndani ya soksi iliyoloweshwa, na kila bandari aliomba maji ya soksi kabla ya kuomba maji ya kunywa. Kwa Mama Kavira alisema vilitoka kwa wamisionari wa Aljeria. Kwangu mimi, tukichagua maharagwe, alisema vilipitia Bukoba, vikaletwa na mtu wa ng'ombe ambaye hakujua anabeba nini na nusu yake alimpa mbuzi. Mama Kavira alisema mtu mwenye hadithi tatu ni mwongo mara mbili. Mimi nilimwuliza mwenyewe. Alijibu, "Mwanangu, Frere alisimulia hivi akiwa na afya, hivi akiwa mgonjwa, na hivi akiwa amekunywa. Mimi ninasema yote, nisije nikatupa ile ya kweli." Mpaka leo naona lilikuwa jibu la mtu mwaminifu. Lakini pia naona jinsi ambavyo linaweza kuwa jibu la mtu mjanja.

Jumapili moja baada ya misa Padiri alituita kwenye chumba cha kulia, kile chenye meza ndefu yenye nailoni ya maua na picha ya Papa wa Roma iliyopauka mpaka ikabaki bluu tupu. Nilileta vikombe vinne. Padiri alimimina kidogo kidogo. Mama Kavira, ambaye kwao Butembo walitengeneza kasiksi ya ndizi tangu babu zake, na hakuna kinywaji ambacho hakukijua, alivuka mikono.

"Kwetu," akasema, "mwenye kuleta pombe anakunywaka wa kwanza. Njo heshima. Kunywa, Papa, na sisi tutakunywa."

Papa Tarsisi hakugusa kikombe. "Siwezi, mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi ju ya nini?"

"Niliapa."

Sijui kama mtu wa mahali pengine anaweza kuelewa uzito wa neno lile. Huku kwetu mwenye kinywaji akikataa kuonja mbele ya mgeni, amesema yote. Na mwaka ule watu waliogopa hata maji ya jirani, kila mtu alikuwa na ndugu aliyekufa kwa tumbo lisiloeleweka, na ilikuwa rahisi zaidi kufikiri sumu kuliko kufikiri maji machafu. Mama Kavira mwenyewe alikuwa amemzika dada yake wiki tatu kabla. Sitaki asomwe kama mtu mbaya. Alisukuma kikombe chake katikati ya meza kwa kidole kimoja, na akasema polepole, "Alishindwa kubeba muke, akabeba divai. Sasa hata divai yenyewe anaiogopa." Papa Tarsisi aliinamisha kichwa. Padiri alirudisha divai ya vikombe vyote ndani ya bonbone, akasema tutaona, tusihukumu leo, na akatoka kwenda kambini.

Kesho yake nilimkuta Papa Tarsisi anapasua kuni. Nilimwuliza kiapo ni cha nini. Alinieleza kwamba kabla yake kulikuwa na mtunza bustani aliyekunywa divai ya altare mwaka mzima, mpaka Askofu akaja akakuta maji. Kwa hiyo Frere alimwapisha Tarsisi mbele ya msalaba asionje kamwe, hata tone. Akaapa. Frere alizeeka, akafa, wakamzika chini ya mizabibu. "Frere alikufa," alisema, "kiapo hakikufa." Nilimwuliza, sasa unatengenezaje kitu usichokijua ladha? Hapo uso wake ulibadilika, akaacha shoka. Alisema anaijua kwa pua na kwa sikio. Zabibu walizichuma mapema, kabla ya mvua na ndege, ndiyo sababu Immakulata alikuwa anavuta uso akizila. Wakizikamua na kuziweka ndani ya bonbone, zinaanza kusema. Yeye aliweka sikio kwenye kioo asubuhi na jioni. Wiki za kwanza ni kelele kama soko la Kituku, kisha watu wanapungua, kisha anabaki mmoja anayenong'ona. "Siku ikinyamaza kabisa, imekula sukari yake yote. Hapo unaziba. Hii yetu imenyamaza tangu mwezi wa tatu. Immakulata aliweka nta, mimi nikashika mshumaa." Nikamwuliza, labda kwa ukali, kama ni kweli kwamba aliacha kumbeba mkewe. Alisema alimweka juu ya baiskeli mara mbili, na mara mbili alishuka mwenyewe, akasema weka divai, mimi nitatembea. Halafu akasema, "Lakini alisema hivyo akiwa na homa. Kwa hiyo sijui."

Niliamini. Au tuseme nilitaka kuamini, nikaona kazi yangu ni kuthibitisha kwamba hakuna sumu. Alhamisi ndiyo siku yangu ya kusugua sakristia. Nilifunga mlango, nikatoa kizibo, nikainamisha bonbone, nikapata kiasi cha kifuniko cha chupa. Nikanywa. Nilikaa juu ya sanduku la mishumaa nikingoja kufa. Nilisikia watoto wa katekisimu wanaimba amri za Mungu nje, wakafika ya kumi, wakaanza tena, na mimi bado nilikuwa mzima. Kwa hiyo sumu haikuwapo. Lakini ladha ilinitisha kuliko sumu. Divai niliyoijua ilikuwa ile ya Padiri, tamu kama dawa ya kikohozi. Hii ilikuwa kali, ilikausha ulimi, haikuwa na utamu hata wa kuazima. Nilisema moyoni, masikini Papa Tarsisi, imemharibikia njiani kwa jua, na yeye hajui kwa sababu haonji. Padiri akiionja ataitupa, na mwanamke yule hatatajwa.

Kwetu uji ukichacha mtu hautupi, anatia sukari. Hata kasiksi iliyozeeka hurekebishwa hivyo kabla ya kumpa mgeni. Sikufikiri zaidi ya hapo. Ijumaa Mama Kavira alikwenda Katindo, nikafungua kabati, nikajaza kikombe cha aluminium sukari, nikakipeleka sakristia chini ya kitambaa cha kusugulia. Niliimimina yote. Nikatikisa bonbone kwa magoti mpaka punje zikayeyuka. Nikaziba, na nilikumbuka kubana nta kwa kidole gumba. Niliondoka na moyo mwepesi, nikijiona kama nimefanya tendo la huruma. Hilo ndilo linalonichanganya mpaka leo, kwamba siku zote nyingine za mwaka ule nilijua ninapokosea. Siku ile sikujua hata kidogo.

Wiki ya pili yake, tulikuwa katika rozari jioni, jua bado liko, tumefika fumbo la tatu. Kukatokea mlio sakristia, pa! kama risasi ndogo. Watu walilala chini, mwaka ule watu walijua kulala chini. Padiri peke yake alikwenda kutazama. Kilikuwa ni kizibo, kimeruka mpaka kwenye kabati la mavazi, na divai inatoa povu kama sabuni. Papa Tarsisi alifika baada yake. Nilikuwa nyuma yao. Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye kioo, akafumba macho. Alisikiliza muda mrefu. Alipofumbua macho hakumtazama Padiri. Alitazama sakafu niliyoisugua, kisha ndoo yangu pembeni, kisha akanitazama mimi, mara moja tu, akaondoa macho.

Padiri alileta kikombe. "Leo nitakunywa mimi wa kwanza," akasema, "nikifa mutasema rozari iliyobaki." Alikunywa, akakunja uso. "Tamu. Na inachoma pua." Akampa Mama Kavira. Mama Kavira sasa hakuogopa, akaiviringisha mdomoni kama anavyofanya mtu wa kazi hiyo, akatema kwenye kitambaa.

"Padiri, hii imetiwa sukari. Na si sukari ya tunda, ni ya duka. Sukari ya tunda inakuya polepole. Hii inakuya ikikimbia."

"Una hakika, mama?"

"Mi nimepika pombe miaka makumi matatu. Niko na hakika."

Padiri aligeuka. "Papa Tarsisi, umetia sukari?"

"Mikono yangu haikutia kitu, Padiri."

"Basi nani?"

"Sikuona mtu."

Yalikuwa maneno ya kweli yote mawili, nimeyapima mara nyingi. Padiri alikaa kwenye kiti cha kuungamia, akajifuta uso. Alisema hawezi kuipeleka altare, kwamba hasemi hivyo kwa hasira, na kwamba siku ya marehemu atatumia kile kijiko chake kilichobaki. Jina la mkewe atalisoma vilevile. Mama Kavira alisema, kwa sauti ya kusikika, "Nilisema mimi, mutu wa hadithi tatu." Mimi nilikuwa nimeshika ndoo. Ningesema neno moja tu. Nilikaa na neno lile mdomoni mpaka wote wakatoka, na baadaye nikajiambia kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa kwa kushangaa. Labda kwa siku ya kwanza ni kweli.

Wazee wa parokia walianza kusema kwamba mtu aliyedanganya juu ya altare hawezi kulala ndani ya uzio wa altare. Padiri hakumfukuza, naandika hili wazi. Ni Papa Tarsisi mwenyewe aliyesema atakwenda kambini baada ya siku ya marehemu. Siku moja kabla yake nilimfuata kwenye kuni.

"Papa, ni mimi."

"Najua."

"Nilifikiri imeharibika. Nilitaka kukusaidia."

"Najua pia."

"Nitamwambia Padiri leo."

Alipanga vipande viwili vya kuni, akavipangua. "Utamwambia, halafu utalala wapi? Sakristia umefungua, kabati ya mama umefungua. Mimi niko na kambi. Wewe kwenu kunawaka moto. Acha."

Nilianza kulia, na alionekana kuchoka na kilio changu. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti kama mtu anayeuliza kitu cha aibu. "Niambie tu. Mbele ya kutia sukari, ilikuwa namna gani?"

"Kali, Papa."

"Kali kama ndimu?"

"Hapana. Ndimu inapiga inaondoka. Hii ilibaki."

"Ilibaki wapi?"

"Hapa, pembeni ya ulimi. Sijui kusema."

"Utamu?"

"Hata kidogo. Hakuna."

"Hata mwishoni?"

"Hata mwishoni. Ilikuwa kavu kabisa, Papa, kama imekula kila kitu."

Alinyoosha mgongo. Nilidhani atakasirika. Alicheka, cheko fupi la mtu aliyepokea barua. "Basi ilimaliza," akasema. "Immakulata aliziba siku yake. Yeye alisema tungoje, mimi nilitaka kuziba wiki moja mapema." Akachukua shoka, akaendelea na kazi, na mara kwa mara alitikisa kichwa akiwa anatabasamu peke yake. Mimi nilikwenda jikoni. Kwa Padiri sikwenda. Nilisema kesho, na kesho nikasema kesho.

Sasa nina maneno ambayo sikuwa nayo. Leo Mapendo, kikombe mkononi, ningeweza kumwambia kila kitu. Kwamba inaanza kama ganda la ndimu lililokwaruzwa kwa ukucha. Kwamba katikati kuna maji yaliyopita juu ya mawe yetu meusi baada ya mvua, na moshi mdogo wa mbali. Kwamba mwishoni kuna uchungu wa mbegu, mdogo, wa adabu, unaokufanya utake samaki. Lakini miaka miwili baada ya yale vita vilikuja, kambi zikavunjwa kwa siku chache, watu wakaenda msituni au wakarudi kwao, na yeye sikuwahi kupata habari zake. Nimeuliza. Si mara nyingi kama nilivyopaswa. Padiri naye alikufa kabla sijamaliza kusema kesho.

Muziki ulipopumzika kidogo leo, nilimwinamia Mama Kavira nikamwambia sikioni. Nilidhani ningemshtua.

"Kopo la sukari lilikuwa langu," akasema. "Ulifikiri sikuliangalia?"

"Ulijua? Siku ileile kizibo kiliporuka?"

"Kesho yake."

"Na hukusema, mama?"

Alipanga blanketi juu ya magoti. "Na wewe mbona hukusema?" Kisha, na hapa sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, "Dada yangu alikuwa amekufa. Nilitaka kuwe na mutu mwenye kosa. Yeye alikuwa karibu." Tulikaa hivyo, tumeshikana mikono, wawili tuliokuwa tumenyamaza miaka yote ile kila mmoja akidhani ananyamaza peke yake. Sijui kama hilo linapunguza kitu au linaongeza. Watu walitupiga picha.

Siku ya marehemu, mwaka ule, mawingu yalikuwa chini lakini hakukunyesha. Padiri alitumia kijiko chake cha mwisho, na majina aliyasoma kwa muda mrefu, na la Immakulata alilisoma taratibu, peke yake, kama alivyoahidi. Papa Tarsisi alisimama nyuma karibu na mlango, koti la mvua limefungwa mpaka shingoni. Baada ya misa alifunga mkeka juu ya baiskeli. Bonbone aliiacha. Alimwambia Mama Kavira, "Itafaa kwa samaki," na Mama Kavira akamjibu tu, "Uende na Mungu, Papa," bila kumtazama. Mimi nilimpa maharagwe ya kuchemsha ndani ya jani. Aliyapokea kwa mikono miwili, akasukuma baiskeli upande wa kaskazini, na sasa ilikuwa nyepesi, ilikuwa inamtangulia.

Jioni ile tulikuwa watano mezani, pamoja na wageni wawili wa Padiri. Ndimu hazikuwapo sokoni, Mama Kavira akamimina kikombe cha ile divai juu ya tilapia mbili za Kituku, na vitunguu, na pilipili moja, akafunika sufuria juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Tulikula samaki hao na bugali ya muhogo na mboga ya lengalenga. Padiri alisema mchuzi ni mzuri, mara ya kwanza tangu mwezi wa saba kusema neno juu ya chakula. Ulikuwa mzuri kweli. Niliomba niongezwe, nikaongezwa.